Bwana Afya na Kibanda cha Dada Yake

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bwana Afya tu, yule mrefu mwenye buti za mpira, ambaye akitokeza kwenye kona ya soko, wenye mabucha hukumbuka ghafla kuvaa makoti meupe. Kazi yake ilikuwa kukagua mabucha, mikahawa, visima na vyoo, na aliipenda. Lililomkera ni jambo moja. Watu wakiugua kwa wingi, yeye alijua kunyunyiza klorini na kufunga milango, lakini hakujua kuthibitisha ugonjwa umetoka wapi. Wataalamu walikuja kutoka makao makuu, wakauliza maswali yao, wakaondoka na majibu, na yeye akabaki na bomba lake la kunyunyizia mgongoni.

Ndipo, mvi zikiwa zimeshaanza kumchungulia, akajiandikisha kusoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii kwa njia ya mtandao.

Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alicheka mpaka akaweka mkasi chini. "Wewe? Wewe ambaye kutuma picha kwa simu mpaka umpigie binti yako kelele?"

"Nitajifunza."

"Haya, profesa. Mimi yangu macho."

Nyumbani cherehani ilinguruma na wateja walikuwa wakiingia kupimwa, kwa hiyo alisomea kwenye stoo ya ofisini, katikati ya mapipa ya klorini. Mkewe akamshonea pazia la bluu la kuyaficha, ili wanafunzi wenzake wa nchi za mbali wasidhani anasoma gerezani. Siku moja pazia lilimwangukia kichwani akiwa katikati ya kueleza habari za vyoo vya shule, na darasa zima likaangua kicheko. Alijikaza kisabuni, akamalizia maelezo akiwa amejitanda kama bibi harusi.

Aliyejivunia masomo hayo kuliko wote ni dada yake mkubwa. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na mpaka leo alimwita "mtoto" mbele ya watu bila aibu yoyote. Alikuwa na kibanda cha chai na juisi karibu na karakana ya mafundi wa kuchomelea vyuma, na kila mteja alisimuliwa habari za mdogo wake anayesoma humo kwenye kompyuta. Bwana Afya alipofeli mtihani wa takwimu na kutaka kuacha, dada alimfuata mpaka stoo, akakaa juu ya pipa.

"Hizo takwimu mimi sizijui," akasema. "Ila wewe nakujua. Ukishindwa kitu unanuna, halafu unasema hukukitaka. Nimekufuta kamasi mimi. Rudia huo mtihani."

Akaurudia. Akapita kwa shida, lakini akapita.

Mwaka wa pili ulipokuwa ukielekea ukingoni, kituo cha afya kilifurika watu wa kuhara, wengi wao mafundi wa karakana. Mmoja, mzee wa kuchomelea mageti, aliishiwa maji mwilini hata akapoteza fahamu. Safari hii Bwana Afya hakukimbilia klorini peke yake. Alimpigia msimamizi wake wa masomo, mama mmoja mpole ambaye paka wake alikuwa akipita mbele ya kamera kila kipindi.

"Waulize waliougua," akasema yule mama. "Halafu waulize na wasiougua. Walikula nini, walikunywa nini, wapi. Tofauti yao ndiyo itakayokuonyesha njia."

Akazunguka wodini, akazunguka karakana, akauliza mpaka koo likakauka. Kisha akaketi stoo na kulinganisha majibu. Waliokunywa chai kwenye kibanda cha dada yake walikuwa wazima. Waliokunywa juisi ya baridi pale pale, karibu wote walikuwa wamelala kitandani.

Alirudia hesabu akitumaini amekosea. Hakuwa amekosea. Akamwita afisa mwenzake azipitie, asije akaambiwa anapendelea au anaonea. Zikawa zile zile.

"Nitamwambiaje?" alimuuliza mkewe.

"Usinitume mimi kwa wifi yangu," mkewe akajibu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Na usimpelekee askari. Nenda mwenyewe."

Akaenda. Dada alikuwa akisugua glasi kwa nguvu zake zote.

"Dada, inabidi tufunge kidogo, tuchunguze."

"Tufunge nini?"

"Kibanda. Walioumwa walikunywa juisi hapa."

Glasi ilibaki mkononi. "Maji nachemsha mwenyewe. Matunda naosha mwenyewe. Unakuja kuniita mchafu, wewe mtoto?"

"Sijasema mchafu. Nimesema watu wanaumwa."

Dada akavua aproni, akamtupia kifuani. "Funga. Nifungie na mimi humo humo ndani."

Tangu siku hiyo alimnyima salamu. Bwana Afya alipokwenda na mkewe kumjulia hali, sauti ilitoka ndani: "Wifi, karibu. Huyo afisa wako abaki nje." Naye alibaki nje, akakaa kwenye ngazi, akiitikia salamu za majirani waliojifanya hawaelewi.

Lakini kazi hakuiacha. Maji ya kuchemsha aliyapeleka maabara, yakakutwa salama. Glasi salama. Ikabaki barafu ya kupozea juisi. Ililetwa kwa baiskeli, imefunikwa magunia, na dada aliinunua kwa nia njema kama wachuuzi wengine. Bwana Afya akamfuata mleta barafu mpaka kwenye ua mmoja ambako ilitengenezwa kwa ajili ya kuhifadhia samaki, kwa maji ya kisima kifupi kilichopakana na shimo la choo. Hakuhitaji maabara kumwambia, ila maabara nayo ikamwambia. Ua ule ukafungwa siku hiyo hiyo.

Akaenda kusimama nje ya mlango wa dada yake.

"Dada, ni barafu. Maji yako yalikuwa safi."

Sauti ikatoka ndani: "Si nilikwambia?"

"Uliniambia."

"Na bado ukanifunga."

"Ndiyo. Na ingekuwa leo, ningekufunga tena."

Mlango ukafunguka. Dada alikuwa na macho mekundu. Hakumgombeza, aliuliza tu, kwa sauti ya chini, "Yule mzee wa mageti anaendeleaje?"

"Aliruhusiwa jana. Anatembea mwenyewe."

Dada aliketi palepale kizingitini, akashusha pumzi ndefu. "Nimekuwa nikimwona kila nikifumba macho," akasema. "Nilikuwa namkamulia juisi na kumtania. Ingia basi, mbona umekonda hivyo?"

Utafiti ule ndio alioufanya kuwa tasnifu yake, na udugu wao akautaja wazi kwenye kurasa za mwanzo. Siku ya kuutetea mtandaoni mbele ya wakaguzi, dada aliomba kuja stoo kusikiliza. Aliketi kando ya kamera, amevaa nguo yake ya kutokea, ameapa hatafungua mdomo.

Alijitahidi. Ila Bwana Afya aliposema, "Kwa mchuuzi wa kwanza tulikuta," uvumilivu ulimwisha.

"Huyo ni mimi!"

Wakaguzi wakapigwa na butwaa. Bwana Afya akageukia kamera haraka. "Samahani. Ndiye dada yangu niliyemtaja mwanzoni. Jina nimelificha kwa ajili ya kumlinda."

"Kunilinda na nani, na mtaa mzima unajua?" Dada akasogea kwenye kamera, uso wake ukajaa kioo chote. "Ridhaa nilitoa mwenyewe, wala sikulazimishwa. Ila 'mchuuzi wa kwanza' mnaniita kama mshitakiwa. Aliyoyasema ni kweli yote, alinifungia na alikuwa na haki. Haya, endeleeni."

Mkaguzi mkuu alivua miwani, akacheka mpaka akajifuta machozi. Wakauliza maswali yao, mengine magumu, wakamtoa kidogo kwenye mkutano ili washauriane, kisha wakamrudisha na kumwambia amefaulu, arekebishe tu sura ya takwimu.

Bwana Afya akainamisha kichwa mezani. Mkewe, aliyekuwa mlangoni na futi ya kupimia shingoni, ndiye aliyewashukuru kwa niaba yake. Dada alimshika mdogo wake mashavu kwa viganja viwili, akamwachia. Kabla kompyuta haijazimwa alikuwa ameshavuka barabara kuelekea karakana, akiita mafundi kwa sauti, na vishindo vya nyundo vikakatika kimoja kimoja ili wamsikie.