Mama Kisu na Boksi Jepesi

Walimwita Mama Kisu, na msinitolee macho, hakuwahi kumchoma mtu. Kisu chenyewe kidogo, cha kukunja, na kazi yake moja tu: kila akinunua kebo ya mtandao, anachuna plastiki na kuukwaruza waya wa ndani mbele ya muuzaji. Ukibaki mwekundu, ni shaba tupu, analipa. Ukitoka mweupe, ni alumini iliyopakwa shaba juu juu, na hapo mwenye duka atajuta kufungua siku hiyo.

Safari hii alikuwa na kazi ya zahanati: visahani sita vya kurushia waifai, vya kubandika darini. Umeme na intaneti vyote hupita ndani ya kebo ile ile moja. Ukiweka alumini, isiyopitisha umeme vizuri kama shaba, kisahani cha mwisho, kule wodi ya wazazi, mita themanini kutoka kwenye swichi inayogawa mtandao, kitawaka na kuzima, na manesi watashindwa kumpata daktari.

Sasa, mumewe. Alikuwa fundi cherehani hodari, mpaka macho yalipomtupa mkono. Miezi minne tangu afunge cherehani yake, mtu aliyekuwa haishiwi maneno alishinda kwenye kiti cha sebuleni, kimya, kama mgeni kwake. Mama Kisu roho ilimuuma. Kwa hiyo mumewe aliposema, "Leo kebo nakununulia mimi," kwa furaha mkewe alimpa karatasi ya kumwonyesha muuzaji, "Keti siksi, boksi moja," yaani aina ya kebo na idadi, akasahau kumwambia habari za shaba. Kosa hilo lilikuwa lake.

Mume akarudi na boksi begani, jasho tele, kifua mbele. "Fundi, pokea mzigo!"

Jepesi mno. Mama Kisu akajifanya analipeleka jikoni, akakwaruza. Mweupe pee! Akisema, yule bwana atarudi kwenye kiti chake na huenda asiinuke tena. Asiposema, wodi ya wazazi. Akasimama pale na kisu mkononi, machozi yakimlengalenga.

Mwishowe akachukua kipande cha kebo ya zamani ya shaba kwenye mkoba wake, akaweka waya mbili, wa zamani na wa boksi jipya, kwenye kiganja cha mumewe. "Hebu nishikie, mume wangu."

Vidole vikaanza kazi, vikizisugua na kuzikunja kama enzi za kukagua kitambaa. Mmoja ukakataa kukunjika kirahisi. Mwingine ukalegea, na baada ya mikunjo michache ukakatika.

"Huu wa hovyo umenunuliwa wapi?"

Mama Kisu akakunja kisu chake. "Ndio wa leo."

Uso ukamshuka. "Kumbe nimepigwa."

"Umepigwa. Na kosa langu, sikukueleza."

Akamsubiri aende kwenye kiti. Mume akapapasa sakafuni kwa mguu. "Viatu vyangu viko wapi?"

Dukani alinyanyua boksi moja moja, akipima uzito.

"Mzee, zote sawa," muuzaji akasema. "Soma mwenyewe, imeandikwa hapo."

"Sisomi mimi, macho mabovu. Ndiyo maana maandishi yako hayanidanganyi. Leta lile zito ulilolificha nyuma."

Likaletwa, uso wa muuzaji umemsawijika. Mama Kisu akakwaruza waya: mwekundu mpaka ndani. Boksi jepesi likabaki pale pale kaunta.

Ijumaa, kisahani cha sita kilipofungwa wodi ya wazazi, mume alisimama chini ya ngazi, shingo juu, ingawa taa ndogo ya kisahani hakuiona.

"Kinawaka?"

"Kinawaka."

"Hakizimi?"

"Kina saa nzima hakijazima, mume wangu."

Njia nzima ya kurudi nyumbani aliongea yeye: uzito wa boksi, uso wa muuzaji, vidole vyake, uzito wa boksi tena. Mama Kisu alikuwa hoi na miguu inamuuma, lakini walipofika mlangoni na hadithi haijaisha, alimshika mkono wakazunguka mtaa kabla ya kuingia.