Soseji Katika Bakuli la Jirani

Jumatatu, tarehe kumi na tisa Mei, saa nne kasorobo asubuhi, nilimpoteza mke wangu. Alikuwa ameugua ini kwa miezi saba, kwa hivyo haikuwa ghafla, ingawa watu wengi walinipa pole wakisema ni ghafla. Nilirudi kazini Shimanzi baada ya wiki mbili. Mimi huendesha foklifti kwenye bohari, na mizigo haimuulizi mtu hali yake.

Jumapili moja ya mwezi wa Agosti niligundua nimeanza kusahau ladha ya mchuzi wake wa kome na soseji. Nilikuwa nimekaa mezani nikila mkate, nikajaribu kuukumbuka, ukanipotea. Nikaona afadhali niupike mwenyewe.

Mchuzi huo si wa kwetu bara, wala si wa hapa Mombasa. Kabla hajaugua, mke wangu alifanya kazi kwa miaka mingi nyumbani kwa wazee wawili wa Kireno, mtu na mkewe. Yule bibi ndiye aliyemfundisha. Walipofunga safari kurudi kwao walimwachia chombo cha kuupikia, cha shaba, chenye vipande viwili vinavyofunikana, na vibanio kila upande. Fundi wa bomba aliwahi kukiona jikoni kwetu akauliza kama ni kifaa cha redio.

Mke wangu alikuwa akiupika mara tatu kwa mwaka, pengine nne. Kila alipoupika alijaza bakuli, akalifunika kwa sahani, akaniambia, "Mpelekee mama chini." Mama wa chini ni jirani yetu wa ghorofa ya chini, mjane wa Kihindi, Muislamu, ambaye mwanawe ana duka la vitambaa kwenye nyumba hiyo hiyo ya Mji wa Kale. Nilibeba bakuli hilo kwa miaka kumi na mmoja. Halikurudi tupu hata siku moja. Lilirudi na kachori, au achari ya maembe.

Sokoni nilimuuliza muuza samaki kama ana kome, wale wa magamba mawili wanaojifunga ukiwagusa.

"Hawa hununuliwa na wazungu," alisema. "Wewe wapika nini?"

"Mchuzi."

"Wapika wewe? Mkeo yuko wapi?"

"Hayupo."

"Basi akirudi mwambie awasugue kwa brashi, wana matope."

"Harudi."

Alinitazama, akaniongezea kome kwenye mfuko, akamgeukia mteja mwingine.

Niliwasugua, nikawaloweka ili wateme mchanga. Nilikumbuka kwamba mke wangu alitia chumvi kwenye maji. Maji ya kisima cha nyumba yetu yana chumvi kidogo, nikadhani yatatosha. Hayakutosha.

Kisha nikafungua friza kutafuta soseji. Kusema kweli, katika ndoa yangu yote sikuwa nimewahi kuifungua ile friza kutafuta kitu. Chini kabisa, nyuma ya mfuko wa mbaazi, nilikuta pakiti moja ya zile soseji nyekundu ngumu alizokuwa akikatakata. Mimi niliziona kila mara zikiwa tayari ndani ya mchuzi. Soseji kwangu ilikuwa soseji. Juu ya pakiti palikuwa na picha ya nguruwe akicheka.

Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni.

Sisi ni Wakristo, kwetu nguruwe hana neno. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikibeba bakuli. Miaka kumi na mmoja, mara tatu au nne kila mwaka, nilishuka ngazi kwa uangalifu nisimwage, nikampa mama wa watu nguruwe mkononi, nikamwambia karibu. Huenda mke wangu alikuwa akizitoa soseji kabla ya kujaza bakuli. Huenda hakuwa akizitoa. Alikuwa akipakua amenipa mgongo, nami sikuwahi kuchungulia. Mtu wa kuuliza alikuwa mmoja tu, na ndiye niliyemzika.

Na mama huyu ndiye aliyemwosha mke wangu na kumnywesha uji wiki zile za mwisho, mimi nikiwa kazini. Alimwambia kila mtu kwamba hajapata jirani kama yule. Nikimwambia, nitamharibia mke wangu jina, naye hayupo kujitetea. Nisipomwambia, nitapita mlangoni pake kila asubuhi nikimwamkua huku moyoni najua.

Niliendelea kupika kwa sababu kome walikuwa wameshalowa. Nilikaanga vitunguu na thomu, nikatia soseji zile zile, nyanya, na unga mwekundu wa pilipili isiyowasha. Siki nyeupe iliyobaki kabatini ilikuwa imeisha ukali. Niliitia vivyo hivyo. Nikamimina kome, nikafunga vibanio, nikangoja mvuke. Nilipofungua, tisa walikuwa hawajafunuka, nikawatupa. Kati ya waliobaki nilimwonja mmoja. Alikuwa na mchanga.

Hapo nikasikia sauti ya mama wa chini kutoka ngazini.

"Mwanangu! Kwako kwanukia!"

"Ndiyo, mama."

"Bakuli langu li wapi leo?"

Nilishuka bila bakuli.

"Karibu," alisema. Alikuwa amekaa akichagua mchele kwenye sinia. "Mikono mitupu?"

"Mikono mitupu, mama. Nina neno la kukwambia."

"Waoa?"

"Hapana."

"Basi keti. Kama si kuoa, hakuna la kunitisha."

Nilimwambia moja kwa moja, kwa sababu sijui njia nyingine. Nilimwambia kuhusu friza, pakiti na bakuli. Nilimwambia kwamba sijui kama mke wangu alikuwa akizitoa soseji, na kwamba kama kuna kosa liwe langu, maana mimi ndiye niliyebeba. Aliweka sinia chini.

"Picha ya nguruwe," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Acheka?"

"Acheka."

Aliutengeneza mtandio wake kichwani. Kisha akasema, "Mimi sikula."

"Mara gani?"

"Hata mara moja. Wala si kwa soseji, soseji sikuifikiria. Ni kome. Waswahili hapa huwala, lakini madhehebu yetu sisi hatuli kitu cha baharini ila samaki. Siku ya kwanza nilifunua, nikaona magamba, nikafunika."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Ndiyo kwanza mwahamia, wewe umesimama mlangoni wanitazama na bakuli la moto. Nikashukuru. Kesho yake mkeo akaniuliza lilikuwaje, nikamwambia tamu. Ukishasema tamu, warudi nyuma vipi?"

Nilimuuliza ni nani aliyekuwa akila.

"Mlinzi wa duka la mwanangu. Mtu wa bara, Mkristo kama nyinyi. Akilamba mpaka sahani ya kufunikia."

Sasa nilielewa kwa nini siku ya mazishi yule mlinzi alilia kwa sauti kuliko ndugu zetu. Nilikuwa nimedhani ana msiba wake.

Nilijiona mwepesi, nikataka kuinuka, lakini yeye alikuwa anafuta macho kwa mtandio.

"Wewe waja hapa na nguruwe wako," alisema. "Wangu mimi ni mkubwa zaidi. Wiki ile ya mwisho mkeo alinishika mkono akasema, mama, linalonisikitisha ni kwamba hutakula tena mchuzi wangu. Nikamwambia, hata mimi lanisikitisha, ule mchuzi hauna mfano. Nimemdanganya mtu anayekufa, mwanangu. Na hakuna mlango wa kugonga nikamwambia."

Nilitaka kumwambia kwamba mke wangu angecheka. Sikuwa na hakika, kwa hivyo sikusema. Nilimwambia tu kwamba wiki ile alikuwa akilala vizuri baada ya yeye kuja, na hilo lilikuwa kweli.

Alitikisa kichwa. Akapenga kamasi. Kisha akaniuliza, "Ule mchuzi ulikuwaje, lakini? Miaka yote nasifu nisichokijua. Nambie, angalau nilichosema kiwe na maana."

Nilimweleza. Si ule niliopika mimi, ule wa mke wangu. Ilichukua muda, maana mimi si mtu wa kueleza chakula, lakini kadiri nilivyosema ndivyo ladha ilivyonirudia. Nilimwambia mchuzi wenyewe ulikuwa mwepesi, wa kuchovyea mkate, na kwamba chumvi ilikuja mwanzo, kisha utamu wa vitunguu, na nyuma yake kitu kama moshi. Nilimwambia kwamba mke wangu alikuwa akikamua ndimu mwisho kabisa, na mimi siku zote nikisema ni nyingi. Mama alikuwa akisikiliza kama anayekariri. Mara mbili alinirudisha nyuma: moshi wa kuni au wa makaa? Nikasema wa kuni.

"Basi ulikuwa mtamu," alisema.

"Ulikuwa mtamu, mama."

Adhana ya magharibi ikaadhiniwa. Alisimama akaenda kutawadha, nami nikatoka, nikarudisha mlango wake taratibu.