Mfagiaji Anayehesabu Waliobaki

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, treni mpya inaondoka kituoni. Mama mmoja ameuegemea ufagio wake jukwaani, midomo ikimcheza. Hasemi na mtu. Anahesabu.

"Tisa," anatamka, na kuandika kwenye daftari la shule. "Mwaka jana saa hizi ningeandika mia mbili na arobaini."

Hao ni watu walioachwa na treni. Abiria wanamwita Mama Waliobaki, na jina hilo limemkaa kuliko la kuzaliwa.

Amefagia hapa miaka kumi na minne. Mshahara wake haujapanda tangu mwanawe wa mwisho alipoota meno, na sasa mtoto huyo yuko darasa la tano.

Kila mwaka ofisi kuu ya reli hukadiria abiria watakaokuja. Huangalia tiketi zilizouzwa, basi. Kwa miaka sita tiketi za kituo hiki hazikuongezeka, nao mabwana wakaandika kwamba watu hawahitaji treni zaidi. Mwaka jana walitaka hata kuifuta treni ya saa kumi na mbili, eti kituo hakikui.

Zingeongezekaje, jamani? Treni ikijaa pomoni, dirisha la tiketi hufungwa. Aliyeachwa hana tiketi. Kwenye makaratasi yao hajazaliwa.

Mama huyu alimzaa mmoja wa hao. Binti yake, msafishaji wa hospitali, aliachwa na treni mara tatu ndani ya wiki moja, akafukuzwa kazi kwa kuchelewa. "Alirudi analia. Kesho yake nikanunua daftari," anasema. Ni miaka sita sasa, na tarehe anaitaja bila kufikiri.

Kwenye mkutano wa kujadili kufutwa kwa treni, alinyoosha mkono.

"Mama, wewe ni nani?" akauliza mtaalamu wa takwimu.

"Mfagiaji. Na wewe mwanangu, umewahi kuipanda hiyo treni?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama akabwaga madaftari kumi na moja mezani. "Msifute. Ongezeni nyingine, robo saa baadaye. Jumatatu ya kwanza watapanda mia mbili na arobaini."

"Umetumia programu gani?"

"Macho, baba."

Wakakubali majaribio ya mwezi mmoja, labda ili anyamaze. Jumatatu ilipofika, mtaalamu akaja mwenyewe kusimama mlangoni na kuhesabu. Mia mbili na thelathini na saba.

"Umekosea kwa watatu, mama."

"Sijakosea. Watatu wale pale, walikuwa wananishangilia, treni ikawaacha!"

Treni hiyo mpya haikuondolewa tena. Binti yake huipanda kila siku kwenda kwenye kazi mpya.

Na hawa tisa wa leo? "Mwakani watakuwa sitini," anasema akikung'uta ufagio. "Nimewaambia ofisini walete mabehewa mawili zaidi. Safari hii hawakuniuliza mimi ni nani. Wameniuliza yafike lini."