Machozi Aliyoyalia Yaeko

Mitsuyo wa Nishijin, mtaa wa wafumaji jijini Kyoto, alifiwa na baba akiwa na miaka kumi na miwili. Akatolewa shule, akakalishwa kwenye mtambo wa kufumia hariri ili mdogo wake, Yaeko, aendelee kusoma. Alipofika ishirini na miwili akaletewa posa na fundi wa kutia vitambaa rangi, kijana mpole aliyempenda. Mama akasema, "Ukiondoka, sisi tutakula nini?" Posa ikarudishwa.

Yaeko akasoma, akawa mcheza filamu. Msimu huo wa mvua mji mzima ulikuwa ukiizungumzia filamu yake mpya, ya msichana mfumaji anayejinyima kila kitu kwa ajili ya ndugu zake. Jumapili mchana, Mitsuyo akampeleka mama kuitazama.

Kwenye pazia la sinema, Yaeko aliinamia mtambo, akairudisha posa, akalia. Ukumbi mzima ukalia naye. Mitsuyo hakutoa hata chozi. Alimwonea wivu. Ile namna ya kukata uzi kwa jino la pembeni ilikuwa yake. Kaniibia mpaka hiyo, aliwaza.

"Maskini binti yule," mama akanong'ona, akijifuta macho kwa mkono wa kimono. "Ameteseka jamani!"

"Binti gani, Mama?"

"Si huyo hapo! Huoni?"

"Mimi nimekaa huku, Mama."

Mama akageuka, akamkazia macho. "Wewe mbona hukuwahi kulia? Ungelia, si ningejua?"

Kesho yake Yaeko akaja na vitumbua vya mchele vyenye maharage matamu, akinukia manukato. "Dada, umeionaje?"

"Mikono yako laini mno. Mfumaji gani hana sugu?"

"Nilikuiga wewe tu, Dada. Walipotaka nilie, nikakumbuka siku ile ya posa. Nilikuwa nyuma ya mlango."

"Kumbe uliona! Miaka yote hiyo kimya, halafu ukaenda kuwaambia watu baki."

Yaeko akaangua kilio. Hata kulia kwake kulipendeza, na hilo ndilo lililomchoma Mitsuyo zaidi.

"Mchukue Mama," akasema. "Zamu yako."

Wiki hiyohiyo akahamia Otsu, kando ya ziwa, akapanga chumba, akafuma kwa ajili ya tumbo lake mwenyewe. Yule fundi alikwishaoa zamani. Filamu za mdogo wake hakukosa hata moja. Aliziwahi siku ya kwanza, peke yake, kiti cha mbele, akimtafutia kosa.