Jina la Avataq

Shemeji yangu Regine ana ulimi mkali. Ni mumewe, binamu yangu Avataq, peke yake aliyejua kumchekesha. Majira ya baridi yaliyopita Avataq alifunga mbwa kwenye sleji, gari lake la mbao la kuteleza juu ya barafu, akaenda kuvua juu ya bahari iliyoganda, njia ileile ya baba yake. Barafu ikamkatikia. Hatukupata hata glavu yake.

Kwetu jina la marehemu hupewa mtoto anayefuata kuzaliwa, awe wa kiume au wa kike, na kwa jina hilo marehemu hurudi nyumbani. Kiangazi, binti yao Paarma akajifungua msichana. Regine akagoma.

"Mama, mtoto halali. Analilia jina," Paarma alimwambia.

"Alie tu. Sijazika mtu, jina nitatoa vipi?"

Ndipo meli ya watafiti ikaja kuchunguza jinsi mto wetu wa barafu unavyoyeyuka na kumeguka baharini. Mimi nilikuwa baharia humo. Regine aliposikia kwamba wanateremsha kamera hadi chini ya bahari, akaomba kazi ya upishi.

"Shemeji, unamtafuta?" nilimuuliza.

"Nimekuja kupika. Kamba zako zinakungoja."

Kila kamera iliposhuka, aliacha sufuria motoni akaja kusimama nyuma ya watafiti. Wao walishangilia matope na mawe. Nilitamani kuwazaba makofi, ingawa kosa halikuwa lao.

Asubuhi moja ikaonekana sleji imelala ubavu, kamba za mbwa bado zimefungwa. Mtu hakuwepo. Kiongozi wao akaniuliza kile ni kitu gani. Nikamtazama Regine.

"Mwambie ni mbao," alisema, akarudi jikoni. Mchana tulikula samaki walioungua, na hakuna aliyelalamika.

Tulipotia nanga alikwenda moja kwa moja kwa Paarma, akampakata mtoto, akamtamkia jina sikioni. Watu husema mtoto akipata jina lake hunyamaza. Huyu aliendelea kulia, na bibi yake akalia naye. Kisha Regine akamwinua, akamkazia macho, akaanza kumgombeza.

"Avataq, nilikukataza. Nilikwambia barafu ya siku hizi si ile ya baba yako. Wewe ukanicheka, ukafunga mbwa."