Vitone Vitatu Chini ya Bawa

Hapa Kabungu tulimtania Erasmus miaka sita. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anakimbiza vipepeo mbugani! Mradi wa kuhesabu wadudu ulimpa wavu, daftari na kazi moja: kumfuatilia kipepeo wa kahawia wa mbuga yetu, asije akatoweka. Kipepeo huyo ana ndugu yake, wamefanana kama mapacha. Tofauti iko chini ya bawa la nyuma: wa mbuga ana vitone vitatu vyeusi, ndugu yake hana kitu. Erasmus aliagizwa awatazame asubuhi, wakiwa wametua na kufunga mabawa.

Lakini kwetu, msimu wa kilimo, asubuhi ni ya jembe. Mwanamume akionekana mbugani saa moja anachungulia wadudu, atasemwa mpaka Mpanda mjini. Erasmus aliogopa kuitwa mvivu. Alilima kwanza, mbugani akaenda saa sita, jua kali, vipepeo wamefungua mabawa, chini yake hapaonekani, akaandika: wapo, tena wengi.

Kwa daftari hilo kamati ya mazingira ya kijiji, ambayo mimi ndiye katibu wake, ilikubali nusu ya mbuga, ile inayotuama maji masika, ilimwe mpunga. Nami nina majaruba mawili ya mpunga mle, sifichi.

Mwaka huu mgongo ulimgomea, jembe likamshinda. Akaanza kwenda asubuhi. Baada ya wiki mbili alinijia nyumbani, suruali imelowa umande hadi magotini.

"Katibu, siyo wenyewe. Wiki mbili natafuta, mwenye vitone sijamwona hata mmoja."

"Nani atajua, mzee wangu? Nyamaza tu."

Ndivyo nilivyomwambia, na hadi leo naona aibu. Mpunga wangu ulikuwa umeanza kuchanua.

Hakunyamaza. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama, akasema kosa ni lake, akaomba hesabu zake zote za miaka sita zifutwe. Watu wakacheka. Walipoona machozi yanamtoka, wakaacha.

Scolastica, binti wa jirani yake, akamuuliza kwa upole, "Babu, wale wenye vitone uliwaona lini mara ya mwisho?"

Erasmus alijifuta machozi kwa kiganja.

"Sijui, mjukuu wangu. Walipokuwepo, sikuwatazama."