Kidole Changu Kwenye Kaseti

Enzi zetu, ukitaka wimbo uende polepole, ulitumia kidole. Nawaambia ninyi mliokulia Lindi, Sarang'ombe na mitaa mingine ya Kibera miaka ya tisini, maana ninyi mnajua ninachosema, na hao wengine wakitaka kucheka na wacheke. Kaseti inacheza, wewe unagusa kile kigurudumu cha kushoto kinachotoa utepe, unagusa taratibu, na yule mwimbaji wa Marekani aliyekuwa anamwaga maneno mbiombio anaanza kuongea kama mzee aliyeshiba ugali. Hapo ndipo tulipoyaandika maneno yake kwenye daftari, mengine tukiyasikia, mengine tukiyabuni. Ukikandamiza sana, redio inautafuna utepe, halafu unashinda kutwa na kalamu ya biro ukiuzungusha urudi ndani. Mimi nilikuwa na kidole kizuri sana. Sioni haya kusema hivyo.

Watoto wa leo wanaivuta sauti kwenye kompyuta kama unga wa chapati, inarefuka, na mwimbaji habadiliki hata chembe. Kwetu sauti ikienda polepole ilizama, ikienda mbio ilipanda, basi. Na redio yenyewe ilikuwa ya baba. Hatukuwa na stima, kwa hivyo ilikula mawe, yaani betri, manne kwa mpigo, na yakichoka mama aliyaanika juu ya mabati kando ya dagaa wa omena mpaka yapate nguvu ya siku moja zaidi. "Hayo mawe si ya mchezo," alituambia kila asubuhi. "Ni ya taarifa ya habari na neno la Mungu." Tuliitikia sawa mama, tukangoja apinde kona.

Ninaposema sisi, namaanisha mimi na Mwende. Alikaa mlango wa tatu kutoka kwetu, familia iliyotoka Kitui, msichana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko nyumba yao. Tulikuwa darasa la saba. Baba yake alikuwa ameachishwa kazi, na ilikuwa imeshaamuliwa kwamba shule zikifungwa wote wanarudi Kitui. Jumamosi moja kabla ya safari yao kulikuwa na mashindano ya kuimba ya vijana katika ukumbi wa kanisa kule Kawangware. Mwende hakuwa na haja na zawadi. Alitaka asimame mbele ya watu mara moja tu, ashike maikrofoni, asikike kabla hajaondoka Nairobi.

"Nikienda ushago nani atanisikia, mbuzi?" aliniuliza.

Nikamwambia ataimba. Nilimwahidi kama mtu aliye na ukumbi wake mwenyewe.

Maneno tulikuwa nayo, aliyatunga Mwende mwenyewe. Tulichokosa ni biti. Kulikuwa na wimbo mmoja wa nje ulioanza na ngoma tupu, tamu ajabu, lakini kabla hujatikisa kichwa vizuri mwimbaji alikuwa ameshaingia. Basi tukairefusha. Mwende alileta redio ya kwao, tukaiweka mezani ikitazamana na yetu. Yake inacheza, yetu inarekodi. Mwimbaji akikaribia kuingia, mimi nasimamisha yetu, yeye anarudisha utepe wake mwanzo, tunatazamana, tunaachilia pamoja. Tulifanya hivyo alasiri nzima bila kuongea, maana redio ilidaka kila kitu. Mpaka leo kwenye biti ile kuna jogoo, kuna stovu ya jirani ikipigwa pampu, kuna mama akimwita mtoto aje aoge. Kaseti tuliyorekodia ilikuwa ya mahubiri ya baba. Yale matundu mawili ya juu, yanayozuia kaseti isirekodiwe upya, tuliyaziba kwa karatasi iliyotafunwa, tukamfuta mhubiri bila huruma. Tulipomaliza tuliisikiliza kwenye redio yetu, ikawa sawa kabisa, Mwende akaimba, mimi nikaitikia, tukaona Kawangware imekwisha.

Jumamosi tulitembea kwa miguu mpaka huko, tumevaa nguo za kanisa, kaseti nimeibana kwapani. Ukumbi ulikuwa umejaa vijana wa pale pale. Mwalimu wa vijana, mwanamume mrefu mwenye kofia, ndiye aliyeendesha mambo, na alikuwa na redio kubwa iliyochomekwa kwenye stima na kuunganishwa na spika mbili. Tulipoitwa nilimpa kaseti yetu. Mwende akashika maikrofoni kwa mikono miwili.

Biti ikatoka mbio. Ngoma zilikuwa zinakimbizana, jogoo wetu akawika kama kifaranga, na yule mama wa kumwita mtoto akawa na sauti ya panya. Mimi nilielewa palepale. Tulikuwa tumerekodi kwa mawe yaliyochoka. Redio yetu ilizunguka polepole siku ile, na ilipotuchezea pia ilizunguka polepole, kwa hivyo hatukujua. Hii ya stima haikujua kuchoka.

"Hao wasee ni watu ama ni panya?" kijana mmoja aliuliza kutoka nyuma, na ukumbi wote ukaangua kicheko. Mwingine akasema Kibera warudi kwao wakalale. Mwende alijaribu kuingia mara mbili, maneno yakamshinda mbio. Alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile tena maishani.

Mwalimu akazima. "Kaseti ni mbovu, wasichana. Shukeni, mtajaribu mwaka ujao."

Mwende hakuwa na mwaka ujao.

"Hatushuki," nikasema. Hata mimi nilishangaa ilikotoka sauti hiyo. "Mwalimu, rudisha mwanzo. Mimi nitaishika."

Redio yake, kama redio zote za enzi zile, ilikuwa imeng'oka kifuniko cha kaseti. Nilipiga magoti mbele ya meza, nikiwapa watu mgongo, nikaweka kidole kwenye kigurudumu cha kushoto. Biti ikashuka, ikashuka, ikakaa. Nikasikia Mwende anavuta pumzi, halafu akaingia.

Aliimba juu ya Lindi, juu ya maji ya mtungi na viatu vya kuazimana, na hakuna aliyecheka tena. Mimi sikumwona hata mara moja. Nilikuwa natazama kigurudumu. Mawe yalikuwa yamezidi kuchoka tulivyoendelea kurekodi, kwa hivyo kila tulivyosonga mbele biti ilizidi kuwa na haraka, na mimi nilizidi kukandamiza, mpaka kidole nacho kikachoka. Kwenye ubeti wa mwisho kiliteleza kabisa. Mwisho wa biti mhubiri wa baba, ambaye hatukumaliza kumfuta, akatokea kwa sauti ya mtu aliye chini ya kisima, maana nilisahau kuondoa kidole, akasema, "Na watu wote waseme amina." Ukumbi mzima ukasema amina. Hatukushinda chochote.

Jumatatu wakasafiri. Aliniandikia barua mbili, nikajibu zote mbili, kisha kimya. Mwalimu alikuwa amerekodi mashindano kwa kaseti yake, akanipa nakala, nayo nimehama nayo nyumba zote nilizohama.

Juzi binti yangu Adhiambo, anayetengeneza muziki kwenye kompyuta, aliiingiza kaseti ile humo. Akatenganisha biti na sauti ya Mwende, akainyoosha biti mwanzo hadi mwisho, ikawa sawasawa kama ukuta. Kisha akasikiliza, akakunja uso.

"Mathe, hapa mwisho rafiki yako amechelewa. Acha nimsogeze."

Nikamwambia acheze ile ya zamani. Ikafika pale kidole kilipoteleza. Biti inayumba, inaruka, na Mwende analishika neno lake moja, analivuta, halitui, mpaka nimekipata kigurudumu tena. Ndipo anaendelea. Nimeisikia kaseti ile miaka yote hii nikisikiliza kosa langu tu.

"Hakuchelewa," nikamwambia. "Alikuwa ananingoja. Irudishe ilivyokuwa."

"Watu watadhani ni makosa."

Na wadhani. Muziki wa siku hizi ni safi, naukubali, hauyumbi wala hauna jogoo ndani yake. Lakini kila mmoja anaimba peke yake chumbani, na biti haihitaji mtu wa kuingojea. Yule msichana wa Kitui aliningoja mbele ya Kawangware nzima, na hapo hasogezwi.